Sayyidna Ali (r.a.), Khawariji na haki za mtuhumiwa

KILA raia wasio na hatia wanapouawa kwa bomu au risasi, Waislamu hutakiwa mambo mawili. La kwanza ni kulaani, na hilo ni haki, kwani damu ya mtu asiye na kosa ni haramu. La pili halisemwi waziwazi: wanatakiwa wanyamaze pale watuhumiwa wanapochukuliwa usiku, wanapoteswa, au wanapokaa mahabusu miaka bila kesi kusikilizwa. Atakayehoji huambiwa kuwa anawatetea magaidi.

Wengi hudhani mtihani huu umekuja na Septemba 11, 2001. Ndugu msomaji, si hivyo. Umma huu ulikutana nao kabla ya kutimia miaka 40 tangu Hijra, na aliyebeba mzigo wake ni khalifa wa nne, Sayyidna Ali bin Abi Talib (r.a.). Ni vema tuyatazame maisha yake kwa jicho hilo.

Alizaliwa Makka yapata mwaka 600 Miladia. Baba yake, Abu Talib, alikuwa na watoto wengi na mali kidogo, hivyo Mtume (s.a.w.) alimchukua Ali na kumlea nyumbani kwake. Alisilimu akiwa mtoto. Usiku wa Hijra, mwaka 622, Makuraishi walipokula njama ya kumuua Mtume, Ali ndiye aliyelala katika kitanda chake. Kisha akabaki Makka siku kadhaa kurudisha amana za watu zilizokuwa kwa Mtume, amana za mji ule ule uliokuwa unamfukuza. Somo la kwanza alilipata hapo: uadui hauondoi haki ya mtu.

Alimwoa Bibi Fatima (r.a.), akapigana Badr, akawa shujaa wa Khaybar. Mambo hayo yanajulikana na kila mtoto wa madrasa. Kisichotajwa sana ni kuwa Mtume alimtuma Yemen kuwa kadhi naye angali kijana, mwenye hofu na jukumu hilo. Alimpa kanuni moja: asitoe hukumu kati ya wagomvi wawili mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Hadithi hiyo imo katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi. Mwanasheria wa leo akitaka kueleza msingi wa kesi ya haki, ataanzia hapo hapo.

Mwaka 35 Hijria, sawa na 656 Miladia, waasi waliizingira nyumba ya Sayyidna Uthman (r.a.) mjini Madina na kumuua. Hapakuwa na kesi wala kadhi. Ali alipokea ukhalifa damu ile ikiwa bado mbichi. Watu wakataka kisasi mara moja, na katika watu hao walikuwemo Masahaba wakubwa. Msimamo wake, kama walivyoueleza wanazuoni wa Ahlus Sunna, ulikuwa kwamba kisasi ni haki, lakini kwanza nchi itulie, wauaji wajulikane mmoja mmoja, na wenye damu walete madai yao mbele ya sheria. Hatutaki kuingia katika hitilafu za Masahaba, kwani wote tunawaombea radhi. Tunachokitaka hapa ni hoja yake tu: kosa la watu fulani haliwi ruhusa ya kuua kundi.

Yakafuata mapigano ya Jamal karibu na Basra mwaka 36 Hijria. Baada ya ushindi, Ali alikataza kumfuata aliyekimbia, kummaliza majeruhi, kuingia majumbani na kuwafanya wanawake mateka. Baadhi ya askari wake walinung'unika, kwa kuwa walizoea kupata ngawira. Hakuyumba.

Mwaka uliofuata, 657, ikawa vita ya Siffin dhidi ya jeshi la Muawiya (r.a.). Pande mbili zilipokubaliana kuweka wasuluhishi, sehemu ya jeshi la Ali mwenyewe ilimgeuka. Walidai kuwa kukubali usuluhishi wa wanadamu ni kukufuru, na kwamba hukumu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Wakajitenga mahali paitwapo Harura, nje ya Kufa. Hawa ndio Khawariji. Hawakuwa walevi wala wezi. Walikuwa watu wa swala ndefu na saumu, mapaji yao yana alama za kusujudu. Lakini walimhesabu kafiri kila asiyekubaliana nao.

Baadhi yao walikuwa wakisimama katika msikiti wa Kufa na kumkatiza khalifa katikati ya hotuba kwa kelele za kauli yao. Fikiria, ndugu msomaji, mtawala wa dola kubwa anakatizwa hadharani na watu wanaomwita kafiri. Alijibu kuwa neno lenyewe ni la kweli, ila wanalikusudia kwa batili. Kisha akawatangazia haki tatu: hawatazuiwa kuswali misikitini, hawatanyimwa mgao wao wa mali ya umma maadamu wako pamoja na Waislamu, na hawatapigwa vita mpaka waanze wao.

Itikadi yao Ali aliiona ni upotofu, lakini hakuifanya kosa la jinai. Aliwatumia Ibn Abbas (r.a.) akajadiliana nao kwa Qur'ani, na maelfu wakarejea kwa hoja bila upanga kuchomolewa.

Waliobaki walikusanyika Nahrawan, si mbali na ilipo Baghdad ya leo. Huko ndiko walikovuka mpaka. Walimkamata Abdullah, mwana wa Sahaba Khabbab bin al-Aratt, wakamhoji juu ya Ali, na jibu lake lilipowaudhi wakamchinja pamoja na mwanamke wake aliyekuwa mjamzito. Wanahistoria wanasimulia kuwa watu hao hao, muda mfupi kabla, walikuwa wamemkemea mwenzao kwa kuokota tende moja isiyo yake.

Khalifa alifanya nini? Alimtuma mjumbe akachunguze ukweli wa habari. Mjumbe naye akauawa. Hata hapo hakuwashambulia. Aliwataka wawatoe wauaji ili wahukumiwe, na wengine waende zao. Wakajibu kuwa wote ni wauaji. Akamwamuru Abu Ayyub al-Ansari (r.a.) asimamishe bendera ya amani, na kila atakayekwenda chini yake, au atakayeondoka kurudi Kufa, asalimike. Mamia waliondoka. Waliobaki walianza mashambulizi, ndipo alipopigana nao, mwaka 38 Hijria, na kuwashinda. Baada ya vita, majeruhi wao walikabidhiwa jamaa zao wakatibiwe. Alipoulizwa kama watu wale ni washirikina, alikataa. Aliwaita ndugu waliowaasi wenzao.

Ni vema kutaja kuwa ndugu zetu Waibadhi, walioko Oman na hata Zanzibar, wana maelezo yao kuhusu watu wa Nahrawan, na wanajitenga na waliohalalisha damu za Waislamu. Makala hii haikusudii kufufua mzozo huo. Inaangalia tu jinsi mtawala alivyowatendea watu aliowahesabu kuwa hatari.

Mtihani wa mwisho ulimfika mwilini mwake. Khawariji watatu walikula njama ya kuwaua Ali, Muawiya na Amr bin al-As kwa wakati mmoja. Aliyepangiwa Ali ni Abdurrahman bin Muljam. Zipo riwaya kwamba Ali alitahadharishwa juu ya mtu huyo, akakataa kumuadhibu kwa kosa ambalo hajalitenda. Alfajiri moja ya Ramadhani mwaka 40 Hijria, sawa na 661, Ibn Muljam alimpiga kichwani kwa upanga uliotiwa sumu katika msikiti wa Kufa.

Khalifa aliishi siku chache tu akiwa na jeraha lile. Katika siku hizo alitoa maagizo kuhusu mfungwa wake. Apewe chakula na maji, na mahali pake pa kulala pawe pazuri. Akipona, yeye mwenyewe ataamua kusamehe au kulipiza. Akifa, auawe muuaji peke yake kwa pigo moja, asikatwekatwe viungo. Na aliwaonya jamaa zake wasizame katika damu za Waislamu kwa kisingizio kuwa khalifa ameuawa.

Tusifiche jambo. Riwaya zinatofautiana kuhusu yaliyofuata. Zipo zinazosema wasia ulitekelezwa kwa pigo moja, na zipo zinazosema hasira ziliwashinda baadhi ya watu wakamkatakata Ibn Muljam. Ikiwa hizo za pili ni sahihi, basi zinatufundisha jinsi sheria ilivyo nzito kwa mwenye uchungu, hata akiwa amefundishwa na Ali. Kwa sababu hiyo adhabu haiachwi mikononi mwa wenye hasira.

Mwenendo huu haukubaki hadithi ya mimbari. Mafakihi waliujengea mlango mzima wa sheria, hukumu za waasi, na al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, alizitaja zile haki tatu za Khawariji katika kitabu chake cha hukumu za utawala.

Sasa tujitazame. Agosti 7, 1998 mabomu yalilipuka Nairobi na Dar es Salaam, yakaua zaidi ya watu 200, wengi wao Waafrika waliokuwa katika shughuli zao. Wenye damu ile wana haki ya kuona wauaji wanahukumiwa. Lakini Tanzania ilipopitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi mwaka 2002, na Kenya ya kwake mwaka 2012, je, mpaka wa Ali ulizingatiwa? Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walifunguliwa mashtaka ya ugaidi Dar es Salaam mwaka 2014. Mwaka 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka aliyaondoa, nao wakarudi makwao bila kesi kufikia hukumu. Mkenya mmoja aliyekamatwa Mombasa mwaka 2007 alifungwa na Marekani huko Guantanamo, akarejeshwa Kenya Desemba 2024 bila kushitakiwa kamwe. Miaka hiyo nani atawarudishia? Na kama kulikuwa na ushahidi, kwa nini wenye damu hawakuonyeshwa?

Kwa watawala, sira hii inasema kuwa hatari, hata iwe kubwa kiasi gani, haifuti wajibu wa kuchunguza kwanza, kumtaja mkosaji kwa kosa lake na kumsikiliza. Ali alikuwa vitani, aliuliwa watu wake, kisha akauawa yeye, na hakuuacha wajibu huo.

Kwetu sisi Waislamu pia lipo neno. Anayelipua soko au kuchinja msafiri kwa jina la dini ametembea njia ya waliomuua Ibn Khabbab, na tusione haya kulisema hilo msikitini na barazani. Ali hakumtetea muuaji. Alimtetea mtu asiadhibiwe kwa dhana, na muuaji asidhulumiwe katika adhabu yake. Atakayesimama kudai haki hiyo kwa mtuhumiwa leo, hata kwa yule asiyempenda, asiogope jina atakalopewa. Khalifa aliitwa kafiri kwa kufanya zaidi ya hayo.

Wallahu a'lam.