Hubert Ogunde: Askari polisi aliyegeuza mchezo wa nyimbo kuwa ajira

Anatajwa kuwa baba wa tamthilia ya kisasa nchini Nigeria. Hubert Ogunde aliacha mshahara wa serikali ili aishi kwa nyimbo, ngoma na maigizo, na njia hiyo ilimletea sifa, mashitaka na marufuku, kwanza kutoka kwa wakoloni, kisha kutoka kwa serikali ya watu wake mwenyewe.

Hubert Ogunde alizaliwa mwaka 1916 katika kijiji cha Ososa, karibu na mji wa Ijebu-Ode, kusini magharibi mwa Nigeria. Alikulia baina ya dunia mbili. Nyumbani palikuwa na kanisa na muziki wake wa ibada, na nje palikuwa na ngoma za vinyago za Wayoruba, ambazo alizicheza angali mtoto. Alipokuwa mtu mzima alifundisha shule kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1941 akajiunga na jeshi la polisi la kikoloni. Ilikuwa kazi ya heshima, yenye sare na mshahara wa kila mwezi.

Mwaka 1944, akiwa bado askari mjini Lagos, kanisa lake lilimtaka atunge mchezo wa kuimbwa ili kuchangisha fedha. Aliutunga kutokana na kisa cha bustani ya Edeni. Watu walifurika ukumbini, na mchezo ukalazimika kurudiwa. Hapo Ogunde alitambua jambo ambalo wengi hawakulifikiria: kwamba watu wako tayari kulipa kiingilio ili kuona hadithi ikiimbwa na kuchezwa kwa lugha yao. Mwaka 1945 aliunda kundi lake mwenyewe, na haikupita muda mrefu akavua sare ya polisi. Kundi hilo linahesabiwa kuwa la kwanza la maigizo ya kulipwa katika Nigeria ya kisasa.

Wanawake jukwaani

Kikwazo cha kwanza hakikutoka serikalini, bali majumbani. Mchezo wa nyimbo ulihitaji sauti za wanawake na wacheza ngoma wa kike, lakini mwanamke aliyepanda jukwaani kwa malipo alihesabiwa kuwa mpotovu. Inasimuliwa kwamba tangazo la kutafuta waigizaji wa kike halikupata wa kulijibu, hata Ogunde akatangaza kwamba anatafuta makarani wa kike. Wasichana walipokuja, aliwafundisha kuimba na kuigiza. Katika mchezo wake wa mwaka 1946, wanawake walitangazwa hadharani kuwa wasanii wa kulipwa.

Lakini waliofunzwa waliweza kuondoka wakati wowote, kwa kuolewa au kwa kuitwa na wazazi, na kila aliyeondoka aliacha pengo katika mchezo. Suluhisho la Ogunde lilikuwa kuwaoa. Katika maisha yake alioa wake zaidi ya kumi, na wengi wao walikuwa waigizaji wa kundi. Watoto nao walikulia jukwaani. Hivyo kundi likawa familia, na familia ikawa kampuni. Mpango huo ulilinusuru kundi lisisambaratike. Hata hivyo, kwa wanawake hao, mume na mwajiri alikuwa mtu yule yule.

Risasi, mkate na marufuku

Ogunde hakukaa sana katika hadithi za Biblia. Mgomo mkuu wa wafanyakazi wa mwaka 1945 ulimpa mchezo juu ya mgomo na njaa, na kundi lilipoupeleka katika mji wa Jos, wakoloni waliupiga marufuku. Mnamo Novemba 1949 polisi waliwaua kwa risasi wachimba makaa 21 katika bonde la Iva, mjini Enugu. Mwaka uliofuata Ogunde aliweka jukwaani mchezo juu ya mkate na risasi, nao ukapigwa marufuku mjini Kano. Kwa kundi linaloishi kwa kiingilio, marufuku haikuwa mjadala wa siasa tu. Ilikuwa na maana kwamba usiku huo hakuna fedha ya chakula wala ya safari ya kwenda mji mwingine.

Pigo kubwa zaidi lilikuja baada ya uhuru. Mwaka 1964 Ogunde alialikwa kutunga mchezo kwa ajili ya jumuiya ya kitamaduni iliyokuwa na uhusiano na Waziri Mkuu wa Jimbo la Magharibi, Samuel Akintola. Alileta Yoruba Ronu, kisa cha mfalme aliyesalitiwa na naibu wake. Wakati huo Obafemi Awolowo, aliyekuwa kiongozi wa Akintola, alikuwa gerezani, na watazamaji hawakuhitaji kufafanuliwa ni nani anayesemwa. Serikali ya jimbo ililipiga marufuku kundi zima.

Jimbo hilo ndilo lililokuwa na watazamaji wake wengi, waliofahamu lugha na nyimbo zake. Ogunde angeweza kuomba radhi. Badala yake alitunga mchezo mwingine kuhusu uchungu wa ukweli, akaendelea kuigiza nje ya mipaka ya jimbo. Marufuku iliondolewa Februari 1966 na gavana wa kijeshi Adekunle Fajuyi, baada ya Akintola kuuawa katika mapinduzi ya Januari.

Gharama ya barabara

Kundi liliishi safarini, likihama mji hadi mji. Mwaka 1967 liliiwakilisha Nigeria katika maonyesho ya kimataifa ya Montreal, nchini Kanada. Lakini barabara iliyoleta riziki ilidai malipo yake. Mwaka 1970 Clementina Adesewa, mke wa Ogunde na nguzo ya kundi tangu siku za mwanzo, alifariki katika ajali ya gari wakiwa safarini kwenda kuigiza. Ogunde alizika, akaomboleza, akarudi kazini, kwani kundi zima lilimtegemea.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 alihamia kwenye filamu, akianza na Aiye. Mwaka 1986 serikali, ambayo zamani ilimwandama, ilimkabidhi jukumu la kuunda kundi la taifa la sanaa. Alifariki mjini London tarehe 4 Aprili 1990, akazikwa kwao Ososa.

Nyuma yake aliacha makundi mengi yaliyofuata nyayo zake, miongoni mwao yale ya Kola Ogunmola na Duro Ladipo. Aliacha pia ushahidi kwamba kuimba na kuigiza kunaweza kuwa kazi ya kulisha nyumba, hata pale ambapo kila mchezo mpya waweza kuwa wa mwisho.