Conrad Veidt: Uzuri Uliotisha



Mtu aliyetazama sinema hata mara moja anajua desturi yake. Mtu mbaya anajulikana mara anapoingia. Ana kovu kwenye shavu, meno mabaya, nguo chafu, na sisi tuliokaa kwenye mabenchi tunaanza kupiga kelele hata mbele hajafanya kitu. Kumbe palikuwa mchezaji mmoja aliyeharibu desturi ile. Yeye alipoingia, hakuna aliyepiga kelele. Watu walinyamaza wakamwangalia. Alikuwa mrefu karibu meta 1,90, mwembamba, amevaa vizuri, uso kama umechongwa kwa mti, na macho makubwa ya rangi ya maji. Walimwogopa, lakini hawakutaka aondoke. Huyo ndiye Conrad Veidt. Alikufa mwaka wa 1943, zamani sana, lakini sura yake ingali inatembea duniani, hata kwa wale wasiolijua jina lake.

Veidt alizaliwa Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, tarehe 22 Januari 1893. Baba yake alikuwa askari, nyuma akawa mtumishi wa serikali. Nyumba yao ilikuwa ya Waprotestanti wa Luther, na mtoto alilelewa katika dini ile. Alikuwa na kaka mmoja, Karl, aliyekufa bado mdogo mwaka wa 1900. Baba alipougua moyo, munganga aliyempasua aliomba tu feza ambazo jamaa iliweza kulipa. Conrad alishangaa wema ule, akataka awe munganga mpasuaji naye. Lakini masomo yalimkataa. Mwaka wa 1912 alitoka shuleni bila diploma, na katika darasa la wanafunzi 13 yeye alikuwa wa 13. Sisemi hivi kusudi ndugu zetu wa darasa la sita wapate kisingizio mbele ya mtihani wa Serikali.

Kitu alichokipenda kweli kilikuwa michezo ya jukwaani. Mama yake alimsaidia. Alijifunza kidogo kwa mchezaji mmoja, kisha akaenda kujaribiwa na Max Reinhardt, mkubwa wa nyumba ya michezo yenye jina kupita zote Berlin. Wanasimulia kwamba kijana alisema maneno yake yote, na Reinhardt wakati wote alitazama nje kwa dirisha. Hata hivyo alimpa kazi, kazi ya kusimama nyuma pamoja na wengi, kwa mshahara wa marki 50 kwa mwezi. Vita kubwa ya kwanza ikamkuta pale. Mwisho wa 1914 aliitwa jeshini, akapelekwa upande wa mashariki, akashikwa na ugonjwa wa mapafu, akalala lopitali karibu na bahari ya Baltiki. Nyuma ya kupona alichezea askari michezo, na mwaka wa 1917 alirudishwa Berlin kwa Reinhardt.

Sasa tufike kwa sinema. Wakati ule sinema haikuwa na sauti. Mchezaji hakuwa na kitu cha kusema nacho isipokuwa mwili na uso. Mwaka wa 1920 ilitoka Berlin sinema ya Robert Wiene inayoitwa Das Cabinet des Dr. Caligari. Nyumba zake zimepinda, madirisha yamelala upande, hata vivuli si vivuli vya kweli, vimepakwa rangi. Ndani yake munganga mwovu anamtembeza sokoni mtu aliyelala usingizi ndani ya sanduku kama la maiti, na usiku anamtuma kuua. Yule mwenye usingizi ndiye Veidt. Nguo nyeusi zimeshika mwili, uso mweupe, weusi umezunguka macho. Kuna pahali ambapo anaamshwa: macho yanafunguka polepole, polepole sana, mpaka yanakuwa makubwa kupita kiasi. Hakuna neno, hakuna kisu, na hata leo, nyuma ya miaka zaidi ya mia moja, mtu akitazama pale ngozi inamsimama. Kisha anatumwa kumwua msichana Jane. Anainua kisu, anaona uzuri wake, mkono unashindwa. Anambeba na kukimbia naye juu ya mapaa. Mara moja tu tunaona kwamba ndani ya yule mwuaji kuna mtu. Tangu siku ile Veidt hakuwa tena mtu wa kusimama nyuma.

Miaka iliyofuata alicheza wafalme wakali, wapiga muziki wenye wazimu, wanafunzi waliouza roho yao. Nyuma mchezaji John Barrymore alimwita Hollywood, Marekani, na mwaka wa 1928 ikatoka The Man Who Laughs, sinema ya kitabu cha Victor Hugo. Hapo alicheza mtu ambaye mdomo wake ulikatwa tangu utoto, hata akilia anaonekana anacheka. Walimtia chuma mdomoni cha kuvuta midomo, na kwa chuma kile hakuweza kusema. Yule mtu wa kicheko hakuwa mwovu, alikuwa mtu wa huzuni. Lakini picha yake ndiyo waliyoitumia wachoraji wa Marekani mwaka wa 1940 walipomtengeneza Joker, adui wa Batman. Ndiyo maana nilisema sura yake inatembea.

Sauti ilipoingia katika sinema, Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Mwaka wa 1929 alirudi kwao Ujerumani.

Hapa nitakawia.

Mwezi wa Januari 1933 Hitler alitwaa utawala. Goebbels, waziri wake wa propaganda, alitaka Wayahudi wote wafukuzwe katika kazi ya sinema. Kila aliyetumika humo alipewa karatasi ya maswali, na swali moja liliuliza damu yake, ukoo wake. Veidt hakuwa Myahudi. Alikuwa Mprotestanti wa Berlin, baba na mama Wajerumani, mrefu, macho ya buluu, jina kubwa: mtu kamili ambaye wale wakubwa walimtaka. Angeandika tu kama alivyo, na milango yote ingebaki wazi. Lakini mwaka ule ule alikuwa amemwoa bibi yake wa tatu, Ilona Prager, aliyeitwa Lily, Myahudi wa Hungaria. Veidt alishika kalamu, akaandika kwamba yeye ni Myahudi.

Mtaniuliza: je, huo si uongo? Kwa karatasi, ndiyo, ni uongo. Mwalimu wa dini na mwalimu wa falsafa wabishane. Mimi naona tu kwamba uongo wa kawaida tunasema kusudi tuokoke, na huyu alisema wa kumtia hatarini. Kwa neno lile moja aliacha nyumba, lugha, na kazi ya miaka 16 ya sinema. Alikuwa na miaka 40. Akaenda Uingereza pamoja na Lily, akaanza kujifunza Kiingereza sawasawa kama mwanafunzi.

Alirudi Ujerumani mara moja kwa sinema ya Wilhelm Tell. Wakubwa wakamzuia, wakitangaza kwamba ni mgonjwa, hawezi kusafiri. Kampuni yake ya London, Gaumont-British, ikatuma munganga wake, naye akamkuta mzima. Wakalazimika kumwachilia. Mwaka wa 1934 alicheza Uingereza katika Jew Süss, sinema iliyoonyesha mateso ya Wayahudi, na kwa Wanazi akawa msaliti kabisa. Mwaka wa 1939 akawa raia wa Uingereza.

Mwaka ule wa 1939 kampuni ya Alexander Korda ilianza karibu na London sinema kubwa ya rangi, The Thief of Bagdad. Vita ikaanza katikati ya kazi, mabomu yakaogopwa, na kazi ikahamishiwa Marekani kusudi imalizwe. Ilitoka mwaka wa 1940. Sabu, kijana wa Uhindi, anacheza mwizi mdogo Abu. Rex Ingram, Mmarekani mweusi, anacheza jini mkubwa anayetoka katika chupa. Na Veidt anacheza Jaffar, waziri anayempokonya mfalme wake kiti.

Jaffar huyu ndiye ninayetaka mumjue. Amevaa nguo nyeusi na kilemba. Hakimbii, hapigi kelele. Anapotaka kuroga, mwangaza unabaki kwa macho yake tu. Anamfanya mfalme Ahmad kuwa kipofu na Abu kuwa mbwa, na akiinua mikono baharini, tufani inakuja. Lakini kuna kitu kimoja asichoweza. Anampenda binti wa Sultani wa Basra, na anajua kwamba kwa uchawi angeweza kumshika, lakini anataka apendwe kwa hiari. Yule binti anakubali kumkumbatia, kusudi tu macho ya Ahmad yafunguke. Angalia uso wa Jaffar dakika ile. Amepata alichoomba, na palepale anajua kwamba hakupata kitu. Mtazamaji anamhurumia karibu kumsahau Ahmad, ambaye kusema kweli ni kijana mzuri tu, hana kingine. Kisha Jaffar anafanya uovu tena, na tunaona haya juu ya huruma yetu.

Wako wanaosema kwamba si vizuri kuonyesha ubaya wenye sura nzuri, juu ya vijana wataupenda. Nimesikia neno hilo hata kwetu. Mimi sikubali. Mwaka ule wa 1940 Wanazi hawakutembea na meno mabaya na nguo chafu. Walikuwa na nguo zilizopigwa pasi, muziki, bendera, vijana wenye sura nzuri wakiimba kwa mstari. Watu wengi walivutwa kwanza, na kuogopa kulikuja nyuma, wakati ulipokuwa umepita. Veidt alikuwa Mjerumani, aliona jambo lile kwa macho yake Berlin. Alipocheza mwovu alituvuta kwanza, kusudi tujisikie tunavutwa. Sinema ya mwovu mwenye kovu inatufundisha kuogopa makovu tu.

Mwaka wa 1992 kampuni ya Disney ilitoa katuni ya Aladdin, na waziri mwovu wa humo, mrefu, mwembamba, mwenye kilemba, anaitwa Jafar. Wenye kumjua Veidt walicheka.

Akabaki Marekani, lakini moyo ulikuwa London chini ya mabomu. Feza alizokuwa ameweka aliikopesha serikali ya Uingereza kwa vita, na sehemu kubwa ya mishahara yake alituma kwa kusaidia Waingereza. Hollywood ilimpa kazi gani? Kucheza Wanazi. Yule aliyewakimbia alipashwa kuvaa nguo zao. Alikubali, lakini inasimuliwa kwamba aliweka sharti katika mkataba: Mnazi atakayecheza awe mwovu, asipambwe kamwe. Hivyo mwaka wa 1942 alicheza meja Strasser katika Casablanca, pamoja na Humphrey Bogart na Ingrid Bergman, kwa dola 5.000 kwa juma. Strasser ana adabu, anatabasamu, anaagiza vinywaji vizuri, na kila mtu katika chumba anatetemeka. Wachezaji wengi wa sinema ile walikuwa wakimbizi kweli, kutoka Austria, Hungaria, Ufaransa. Wanapoimba wimbo wa taifa la Ufaransa kufunika nyimbo za Wajerumani, machozi mengine mnayoyaona si ya mchezo.

Na sisi wa Kongo tumo kidogo. Mwisho wa sinema, Strasser akiisha kufa kwa bunduki kwenye uwanja wa ndege, wale wawili wanaobaki katika ukungu wanawaza kwenda kujiunga na Wafaransa Huru kule Brazzaville, ng'ambo ya mto wetu. Watengenezaji hawakubuni: tangu 1940 Brazzaville ilikuwa kweli mji mkuu wa Wafaransa wale wa jenerali De Gaulle.

Tarehe 3 Aprili 1943 Veidt alikuwa akicheza golfu Los Angeles. Moyo ulisimama, ugonjwa ule wa moyo uliompata baba yake pia, akafa palepale. Alikuwa na miaka 50. Hakuona mwisho wa vita, wala Casablanca ikipewa tuzo ya sinema bora mwaka wa 1944. Majivu yake yalikaa Marekani miaka mingi, na mwaka wa 1998 yaliwekwa pamoja na ya Lily pahali pa Golders Green, London.

Sinema yake ya mwisho, Above Suspicion, ilitoka nyuma ya kifo chake, mwaka ule wa 1943. Ndani yake anacheza mtu mwema anayesaidia kupigana na Wanazi. Ni watu wachache wanaoikumbuka.