Kijana Aliyewahesabu Nyumbu

Msafiri atokaye Karatu, akiisha kupita lango la Lodoare na kuukwea msitu mpaka ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, huona kando ya njia mnara mdogo wa mawe. Hapo amezikwa Michael Grzimek, Mjerumani aliyekufa akiwa na umri wa miaka 24. Yafaa kila mwananchi ajue kijana huyo alifanya nini katika nchi yetu, na hesabu yake ilipungua wapi.

Alizaliwa mjini Berlin tarehe 12 Aprili, 1934. Baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, alikuwa daktari wa wanyama na mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Mwaka 1956 filamu yao juu ya wanyama wa Kongo ilipata tuzo, nao wakataka kuitumia fedha yake kununua ardhi ya hifadhi katika Tanganyika.

Zama hizo Hifadhi ya Serengeti, iliyoundwa mwaka 1951, ilikuwa moja na Ngorongoro, na ndani yake walikaa Wamasai na mifugo yao. Serikali ya kikoloni ilikusudia kuigawa, ilhali hapana aliyejua wanyama ni wangapi wala njia zao ni zipi. Bwana Peter Molloy, mkuu wa hifadhi, akawashauri waache kununua ardhi, wawahesabu wanyama.

Baba na mwana wakajifunza urubani, wakaja wenyewe kwa ndege ndogo iliyopakwa rangi za punda milia. Mwaka 1958 walihesabu kutoka angani wanyama wakubwa zaidi ya 360,000, na katika hao nyumbu karibu 100,000. Wengine waliwavika mikanda ya rangi shingoni wapate kuwafuatia. Wakaona kwamba wakati wa mvua makundi huenda nyanda za mashariki zenye majani mafupi, nyanda ambazo mpaka uliokusudiwa uliziacha nje.

Tarehe 10 Januari, 1959, Michael akiwa angani peke yake, tai aligonga bawa la ndege. Ndege ikaanguka, naye akafa. Baba aliimaliza kazi yao, na mwaka 1960 filamu yao ya Serengeti ikapata tuzo ya Oscar huko Marekani. Profesa alipofariki mwaka 1987, majivu yake yalizikwa kando ya mwanawe.

Mpaka ule haukubadilishwa. Mwaka 1959 Wamasai waliondolewa Serengeti, na Ngorongoro ikawekwa kuwa eneo la peke yake ambamo wafugaji, mifugo na wanyama wa porini wangekaa pamoja. Akina Grzimek walikuwa wameamini kwamba hifadhi haina nafasi ya mfugaji, wakahofu kwamba makundi yatakwisha.

Hayakwisha. Leo nyumbu wazidi milioni 1, na kila mwaka huzalia katika nyanda zile zile zilizoachwa nje ya mpaka. Mfugaji huwaondoa ng'ombe wake kwa muda, maana ndama wa nyumbu huwaambukiza ugonjwa wa kuua. Tena, sababu kubwa ya nyumbu kuongezeka ilitoka zizini: ng'ombe walipochanjwa, sotoka ilitoweka porini katika miaka ya 1960, na ndama wa nyumbu wakaishi. Jambo hilo halikuonekana kutoka ndegeni.

Hatumlaumu marehemu. Alijitolea maisha yake, na kabla yake watawala walichora mipaka kwa kukisia. Lakini somo lake halijaisha. Watu wa Ngorongoro wameongezeka sana. Tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni, na mabishano juu ya jambo hilo ni makali. Msitu wa milima hiyo nao ndio unaotunza chemchemi zinywesha­zo mashamba ya Karatu.

Kwa hiyo yatupasa tuhesabu tena, na safari hii tuhesabu vyote: wanyama, majani, maji, ng'ombe na watu. Anayekaa juu ya nchi aulizwe kabla ya anayeitazama kutoka angani. Mpaka uliochorwa kwa nusu ya hesabu, nusu iliyosahauliwa hurudi kuudai.