MAMA KEVINA, MAMA WA WASIO NA KWAO

Katika toleo hili la kumbukumbu tunamkumbuka mama mmoja aliyefariki kabla kambi yetu ya Nakivale haijafunguliwa. Jina lake linajulikana Uganda nzima. Maisha yake yana somo kwetu sisi wa Base Camp.

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 huko Arklow, nchi ya Ireland, akaitwa Teresa Kearney. Baba yake alifariki yeye akiwa bado tumboni. Alipokuwa na miaka kumi mama yake naye akafariki, akalelewa na bibi yake. Uyatima aliujua mapema. Mwaka 1895 alijiunga na masista Wafransisko wa Mill Hill, London, akapewa jina la Sista Mary Kevin. Januari 1903 yeye na masista wenzake watano walifika Nsambya, Kampala. Huko wenyeji wakamwita Mama Kevina.

Hakungoja jengo. Alianza kutibu wagonjwa chini ya mwembe, na mahali pale pakakua hospitali ya Nsambya.

Katika vita vya 1914 hadi 1918, Waingereza walichukua Waafrika wengi kubeba mizigo ya majeshi. Ndilo lile kundi la wapagazi ambalo jina lake limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam. Wagonjwa wao waliletwa Nsambya, mbali na ndugu zao. Mama Kevina aliwauguza, na alikasirishwa sana na jinsi walivyotendewa na Wazungu wenzake.

Waliofuata ni wagonjwa wa ukoma. Watu hawa walikuwa wakifukuzwa majumbani mwao na jamaa zao wenyewe. Kwa ajili yao vilifunguliwa vituo vya Nyenga mwaka 1932 na Buluba mwaka 1934. Hapo walipata dawa na mahali pa kukaa.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni kwamba alifundisha wenyeji. Mwaka 1921, pamoja na daktari Evelyn Connolly, alianzisha Nsambya shule ya uuguzi na ukunga. Wakati ule sheria ya Kanisa iliwakataza masista kuzalisha akina mama. Alidai ibadilishwe, na mwaka 1936 katazo likaondolewa. Mwaka 1923 alianzisha Nkokonjeru shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambalo baadaye lilienea hadi Kenya na Tanzania.

Alifariki tarehe 17 Oktoba 1957 mjini Boston, Marekani, akiwa na miaka 82. Alizikwa kwanza Ireland. Wakatoliki wa Uganda hawakukubali abaki huko. Mwili wake uliletwa kwa ndege, na Desemba mwaka huohuo akazikwa Nkokonjeru. Aliyekuja mgeni akawa mwenyeji.

Ndugu zangu, tujiulize kwa nini kazi yake haikufa pamoja naye. Ni kwa sababu hakuiacha mikononi mwa wageni. Aliwaachia mabinti wa hapahapa.

Sisi nasi tumeona jinsi msaada unavyopungua. Mwaka 2023 mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda uligawanywa katika makundi matatu, na familia zilizohesabiwa kuwa zinajitegemea zikaondolewa. Mkono wa mbali ukichoka, utabaki mkono wa jirani. Mjane ambaye nyumba yake inavuja, mzee asiye na mtoto, na mgeni aliyefika jana bila mkeka, hao ndio wapagazi na wagonjwa wa ukoma wa siku zetu.

Kwa hiyo tunaomba kila kanisa, kila msikiti na kila kijiji kichague watu wawili wa kuwatembelea hao kila juma, na wafundishe vijana kazi hiyo. Mwembe tunao. Tusingoje jengo.