Garrincha, winga wa miguu iliyopinda

Wadau, ubishi wa soka ukianza kila mtu anamtaja Pele. Mimi leo namleta Garrincha.

Jina lake hasa ni Manoel Francisco dos Santos, alizaliwa 1933 Pau Grande, karibu na Rio de Janeiro. Garrincha ni jina la kidege. Miguu yake yote ilipindia upande mmoja, na wa kushoto ulikuwa mfupi. Ungemwona usingemsajili hata timu ya mtaa! Botafogo wakamchukua 1953, na winga ya kulia mabeki wakakoma. Chenga ilikuwa ileile, anapitia kulia. Wote waliijua, na bado walipitwa.

Alibeba Kombe la Dunia 1958. Mwaka 1962 kule Chile, Pele aliumia mechi ya pili. Garrincha akawapiga Uingereza mabao mawili, wenyeji Chile mawili, kombe likabaki Brazil. Yeye na Pele wakicheza pamoja, Brazil haikufungwa hata mechi moja.

Tatizo pombe, jamani. Mwaka 1969 alipata ajali akiendesha gari, akafariki mama wa mwimbaji Elza Soares, mwenzi wake. Januari 20, 1983 pombe ikammaliza, ana miaka 49 tu. Mwili ukapelekwa Maracanã, umati ukafurika kumlilia.

Hapo ndipo naumia. Mtaani kwetu tulikuwa na winga wetu, akifunga tunamnunulia bia. Siku hizi hachezi tena, anakunywa tu. Na sisi tulidhani tunampenda.