JM Kariuki: Tajiri aliyekuwa mwiba kwa matajiri wenzake

NDABIBI, Naivasha

Msafiri anayetoka mjini Naivasha kuelekea magharibi, akaufuata ufuo wa ziwa hadi ukamalizika, hufika Ndabibi, uwanda mpana uliolala kati ya mlima Eburru na miinuko ya Mau. Enzi za ukoloni uwanda huu ulikuwa ranchi ya ng'ombe ya mlowezi. Baada ya uhuru ukawa shamba la shirika la serikali la ADC, na baadaye ukakatwa vipande na kugawanywa. Hiyo ndiyo historia ya sehemu kubwa ya Bonde la Ufa la kati kwa ufupi, na ndiyo iliyompa siasa yake Josiah Mwangi Kariuki, mtoto wa maskwota ambaye Wakenya walimfahamu kwa herufi mbili tu: JM.

Alizaliwa tarehe 21 Machi 1929 huko Kabati-ini, karibu na Nakuru. Wazazi wake walikuwa miongoni mwa maelfu ya Wakikuyu waliohama kutoka Mkoa wa Kati kwenda kutafuta kazi na malisho katika mashamba ya Wazungu. Skwota aliruhusiwa kulima kishamba na kufuga mifugo michache, naye akamlipa mlowezi kwa jasho lake. Sheria ya mwaka 1937 iliwapa walowezi uwezo wa kuipunguza mifugo hiyo na kuziongeza siku za kazi. Mtoto aliyekulia katika hali hiyo hakuhitaji mwalimu wa kumfafanulia maana ya kuishi juu ya ardhi ya mwingine.

Shule aliianza, akaiacha kwa kukosa karo. Kilichomrejesha darasani ni jambo ambalo wasifu wa viongozi aghalabu hulificha: kamari. Mnamo 1946 alishinda dau katika mbio za farasi mjini Nakuru, na fedha hizo akazitumia kujisomesha. Mapenzi yake kwa farasi na bahati nasibu hayakumtoka hadi kufa kwake. Masomo hayo yalimfikisha King's College Budo nchini Uganda, na aliporejea nyumbani Oktoba 1952, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa siku chache tu zilizotangulia.

Alifungua hoteli mjini Nakuru. Wateja walikula na kunywa chai, lakini shughuli za Mau Mau pia zilipita mlemle. Mwaka 1953 alikamatwa humo hotelini, na miaka saba iliyofuata akaimaliza kizuizini, akihamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, zikiwemo Kowop, Langata, Manyani na Saiyusi iliyoko katika kisiwa cha Ziwa Victoria. Hakuwahi kupelekwa mbele ya hakimu.

Ni katika kambi hizo ndipo JM alipojifunza silaha ambayo angeitumia maisha yake yote, nayo ni malalamiko rasmi. Aliandika barua za siri kuhusu vipigo, chakula kibovu na kazi za sulubu, akaziwasilisha kwa wakubwa wa serikali wa hapa na wa ng'ambo. Alipogunduliwa alichapwa, na akipona huandika tena. Wapo waliodhani huo ni upumbavu, maana mfungwa anamshtakije mfungaji kwa bwana wa mfungaji? Lakini JM alikwishang'amua kwamba serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria zake yenyewe ambazo haikuzifuata, na kwamba iliaibika ilipokumbushwa. Aliachiliwa mwaka 1960, na kitabu chake kuhusu maisha hayo, Mau Mau Detainee, kikatolewa na Oxford University Press mwaka 1963. Wasomaji wa Kiingereza waliokuwa wamezoea kusimuliwa Mau Mau na wazungu wakaisoma kwa mara ya kwanza kutoka kwa aliyekuwa ndani ya seng'enge.

Uhuru ulipokuja alikuwa karibu na meza kuu. Alikuwa katibu wa Jomo Kenyatta, akawa mbunge kutoka Nyandarua, akaongoza Huduma ya Vijana kwa Taifa katika miaka yake ya mwanzo, kisha akawa waziri msaidizi. Alitajirika pia. Alikuwa na mashamba, magari ya kifahari na farasi wa mashindano, na michango yake ya harambee ilitolewa nchi nzima bila kuuliza kabila la mwenye kupokea. Mahasimu wake waliona unafiki hapo, kwamba mtu ale na wakubwa kisha awatetee makabwela. Shutuma hiyo haiwezi kupuuzwa. Hata hivyo, mwandishi huyu anaona kwamba utajiri wake ndio uliowatia wakubwa hofu, kwa sababu maskini anayelalamika huitwa mwenye wivu, ilhali JM hakuweza kuitwa hivyo.

Alichokisema kilieleweka hata na asiyesoma. Alionya kwamba Kenya isiwe nchi ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi. Alihoji ni kwa nini ardhi iliyochukuliwa kwa nguvu inunuliwe kwa mkopo wa Waingereza, na deni lilipwe na aliyenyang'anywa. Alitaka maskwota na waliokuwa vizuizini wapewe kipaumbele, huku vigogo waliozoa maelfu ya ekari wakipunguziwa. Haya hakuyasema jukwaani tu, bali aliyasema bungeni akiwa mwanachama wa chama tawala, wakati ambapo upinzani ulikuwa umepigwa marufuku tangu 1969.

Kadiri sauti yake ilivyopanda ndivyo milango ilivyofungwa. Leseni za mikutano ya hadhara alinyimwa. Katika uchaguzi wa 1974 alizuiwa kufanya kampeni za kawaida, na bado akashinda kwa kishindo Nyandarua Kaskazini. Alipotangazwa mshindi hakurudishiwa kiti cha uwaziri msaidizi.

Mwanzoni mwa Machi 1975 jiji la Nairobi lilikuwa na taharuki. Tarehe 1 bomu lililipuka katika kituo cha mabasi cha OTC na kuua watu 27. Siku iliyofuata JM alionekana katika hoteli ya Hilton akitoka na Ben Gethi, kamanda wa kikosi cha GSU. Hakuonekana tena akiwa hai. Mchungaji wa Kimaasai aliukuta mwili katika vilima vya Ngong, ukapelekwa kwenye mochari ya jiji na kulazwa huko kama wa mtu asiyejulikana, huku gazeti moja likiwaarifu wananchi kwamba mbunge huyo yuko Zambia. Familia yake iliutambua mwili tarehe 11 Machi. Wanafunzi wa chuo kikuu wakamiminika barabarani.

Kilichofuata bungeni kinastahili kukumbukwa zaidi ya kinavyokumbukwa. Kamati teule iliyoongozwa na Elijah Mwangale iliwasilisha ripoti tarehe 3 Juni 1975. Iliwanyooshea kidole maafisa wakuu wa polisi, na majina mawili ya watu wa karibu na Ikulu yaliondolewa kabla ya kuwasilishwa. Serikali ilitaka Bunge liipokee tu bila kuikubali. Bunge likaikubali kwa kura 62 dhidi ya 59. Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, alipiga kura pamoja na wenye kuikubali, na akafutwa kazi. Mawaziri wasaidizi Peter Kibisu na John Keen wakamfuata. Oktoba mwaka huohuo Martin Shikuku na Naibu Spika Jean-Marie Seroney walikamatwa ndani ya majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa, kama JM alivyowekwa na mkoloni. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Pio Gama Pinto alikuwa ameuawa mwaka 1965 na Tom Mboya mwaka 1969. Katika kesi hizo mbili angalau kulikuwa na mshtakiwa kizimbani.

JM alizikwa Gilgil, upande wa pili wa Eburru ukitokea hapa Ndabibi. Swali lake la ardhi halikuzikwa naye. Mwaka 1993 maelfu ya wakulima walifurushwa kutoka Enoosupukia, kwenye miinuko ya Mau, wakakimbilia Maela, jirani na Ndabibi, na mwishoni mwa 1994 wakaondolewa hata hapo kwa nguvu. Wengi wao walikuwa kizazi cha maskwota walewale, na waliokuwa na hati na wasiokuwa nazo walilala katika mahema mamoja.

Katiba ya 2010, kifungu cha 68, iliagiza Bunge litunge sheria ya kuweka kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ambayo mtu binafsi anaweza kumiliki. Kiwango cha juu ndicho JM alichokuwa akikidai. Mswada ulioandaliwa mwaka 2015 kwa ajili hiyo haukupitishwa.