MICHAEL FARADAY NA MADAFTARI YAKE

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye maduka wanaijua vyema methali hii. Lakini mtaalamu wa sayansi naye anayo mali yake, nayo ni yale aliyoyaona kwa macho yake katika maabara. Katika ukurasa huu tunawaletea wasomaji wetu, wazee wa shule pamoja na vijana walioko madarasani, habari za bwana mmoja wa Uingereza aliyeishi kwa kuifuata methali hiyo bila kuwahi kuisikia.

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1791, Newington Butts, kusini ya London. Baba yake alikuwa mhunzi, tena mgonjwa mara kwa mara, na nyumba yao ilijua njaa. Mwaka 1801, nafaka ilipopanda bei, mtoto huyu alipewa mkate mmoja wa kumtosha juma zima. Elimu yake ya shule ilikuwa kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi.

Alipotimia miaka 13 aliajiriwa kuwa mtumwa wa kupeleka magazeti katika duka la vitabu la Bwana George Riebau, na mwaka uliofuata akaanza kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, kwa mkataba wa miaka 7. Wenzake walishona kurasa. Yeye alizishona na kuzisoma pia. Humo ndimo alimokutana na habari za umeme na kemia.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka, Bwana William Dance, alimpa tiketi za kuhudhuria mihadhara minne ya Sir Humphry Davy, mkemia mashuhuri, katika Royal Institution. Kijana alisikiliza, akaandika, akachora vyombo vyote alivyoviona, kisha akayanakili upya kwa mwandiko safi na kuyajalidi kwa mikono yake. Kitabu hicho alimpelekea Davy pamoja na barua ya kuomba kazi. Nafasi haikuwapo. Lakini mwanzoni mwa mwaka 1813 msaidizi mmoja wa maabara alifukuzwa kwa kupigana, Davy akamkumbuka yule kijana wa kitabu, na tarehe 1 Machi, 1813, Faraday akaajiriwa. Kitabu kile kipo hata leo katika hifadhi ya Royal Institution.

Mambo hayakuwa mteremko. Septemba 1821 Faraday alifaulu kuufanya waya wenye umeme uzunguke sumaku, jambo ambalo ndilo asili ya mota. Akaharakisha kuchapisha, bila kumtaja Bwana Wollaston aliyekuwa amelifikiria jambo la namna hiyo kabla yake. Minong'ono ikaenea kwamba ameiba wazo la mtu. Alipopendekezwa kuingia Royal Society, Davy mwenyewe, aliyekuwa rais wa chama hicho, alimpinga. Hata hivyo alichaguliwa Januari 1824.

Siku kubwa ilikuwa tarehe 29 Agosti, 1831. Alichukua pete ya chuma, akaizungushia waya wa shaba upande mmoja, na waya mwingine upande wa pili. Alipouunganisha wa kwanza na betri, sindano ya sumaku iliyokuwa karibu na waya wa pili ilitikisika, kisha ikatulia. Alipouachanisha, ikatikisika tena. Miezi miwili baadaye alizungusha sahani ya shaba katikati ya ncha za sumaku kubwa na kupata mkondo wa umeme usiokatika. Mitambo ya Kidatu na ile ya Mto Tana hutoa umeme kwa kanuni hiyo hiyo. Yote hayo yamo katika daftari lake, pamoja na tarehe na picha za kalamu.

Mwaka 1832 alianza kuzipa namba aya za daftari, akiendelea bila kurudi nyuma hadi mwaka 1860, zilipofika 16,041. Kazi hiyo haikuwa mapambo. Yapata mwaka 1840 alishikwa na kizunguzungu na uchovu mkubwa, akapumzika muda mrefu, na tangu hapo kumbukumbu yake ilizidi kumponyoka. Mtu mwingine angeiacha sayansi. Faraday alikuwa na namba zake: aya moja ilimwelekeza kwenye nyingine, na alichokisahau kichwani alikikuta kwenye karatasi. Mwaka 1845 alichukua kioo kizito alichokuwa amekitengeneza miaka mingi nyuma, katika kazi iliyohesabiwa kuwa haikuzaa matunda makubwa, na kwa kioo hicho akaonyesha kwamba sumaku huweza kuathiri mwanga.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba aliandika hata yaliyomshinda. Mwaka 1849 alitafuta uhusiano baina ya umeme na nguvu ya uvutano ya dunia, asipate kitu, akaandika hivyo. Tarehe 12 Machi, 1862, akiwa mzee wa miaka 70, alijaribu kuona kama sumaku itabadili mistari ya rangi katika mwanga wa ndimi za moto. Hakuona badiliko lolote, naye akaandika hivyo. Lilikuwa jaribio lake la mwisho. Mwaka 1896 kijana wa Kiholanzi, Pieter Zeeman, aliyekuwa amesoma habari za jaribio hilo, alilirudia kwa vyombo bora zaidi, na badiliko likaonekana. Mwaka 1902 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na mwalimu wake Lorentz.

Faraday alifariki tarehe 25 Agosti, 1867. Madaftari yake aliiachia Royal Institution, na kati ya mwaka 1932 na 1936 yalipigwa chapa katika juzuu 7.

Enyi vijana wa maabara yetu, kuna wakati jibu la jaribio hukataa kulingana na la kitabuni, na mkono hushawishika kulipika. Msilipike. Andikeni mlichokiona, mtie na tarehe. Huenda kosa halipo kwenu bali kwenye chombo, na huenda mwenye chombo bora bado hajazaliwa. Naye atahitaji kusoma mlichoandika.